Vizibo vya masikio vyenye chujio: nimerudi ukumbini

Huu ni mwaka wa sita nina mlio kwenye sikio la kushoto. Ni mwembamba kama wa nyenje, usiku na mchana. Daktari wa masikio, pua na koo alinieleza kuwa vinyweleo vya ndani kabisa ya sikio vimeumia, na vikishakufa havioti tena. Nyumbani nimeuzoea. Shida ni sherehe: nikikaa ukumbini kwa muda wa saa nne, mlio unapanda na kubaki juu siku mbili tatu, silali. Nikawa nachanga, napokea kadi, siendi. Kilichonichoma ni kukosa send-off ya binti wa kaka yangu, mtoto niliyembeba mgongoni.

Nilianza na pamba, haikusaidia kitu. Vile vya sponji vya mafundi vinakinga kweli, lakini vinazima zaidi sauti nyembamba, kwa hiyo maneno ya watu yanageuka mvumo huku besi bado inakugonga kifuani. Unakaa na ndugu zako kama uko chini ya maji.

Hivi vya silikoni vyenye chujio nilinunua shilingi 70,000. Vinashusha sauti zote karibu sawasawa. Nilivijaribu kwenye harusi ya mdogo wangu, Sinza. Meza ya familia ni ya mbele, yaani jirani na spika. Programu ya simu ya kupima ukubwa wa sauti ilisoma desibeli 97. Ni kipimo cha kukisia tu, lakini Shirika la Afya Duniani linasema kwenye desibeli 100 sikio lisikae zaidi ya dakika 20 kwa wiki nzima, na harusi zetu tunazijua zinaisha saa ngapi. Matarumbeta yalipoingia na maharusi, mikono yangu haikukimbilia masikioni. Mama mdogo akaniuliza kama kuku amenifikia, nikamsikia mara ya kwanza bila kumwomba arudie. Nilitamani kulia. Asubuhi yake mlio ulikuwa uleule wa kila siku.

Kasoro zipo. Sauti yako mwenyewe inavuma kichwani, na kutafuna unakusikia kuliko MC. Pia dakika za mwanzo mlio unaonekana kusogea karibu, kwa sababu kelele iliyokuwa inaufunika imepungua. Mara ya kwanza niliogopa nikavitoa. Usivitoe, shika mazungumzo na mtu, utausahau. Mahali ambapo watu wote wanaongea kwa pamoja bila muziki, havisaidii sana.

Vinakuja saizi tatu. Sikio langu la kulia linataka ndogo, la kushoto ya kati, na nisingejua kama nisingejaribu zote. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu, ndipo usukume. Kikikaa vibaya ni kama hukuvaa. Daktari alinikataza kuvaa nyumbani penye utulivu, maana sikio likizoea ukimya linaanza kuchukia hata sauti za kawaida za vyombo jikoni.

Kila baada ya saa moja bado natoka nje dakika kumi. Desemba kuna kitchen party ya mpwa wangu, na nimeshamwomba katibu wa kamati aniweke meza ya karibu na mlango.