Huduma ya muuguzi wa nyumbani, Tabata: maswali yaliyotutoa sebuleni

Kwa miezi 4 sasa mama yangu, mwenye umri wa miaka 78 na aliyewahi kupata kiharusi, anahudumiwa na wauguzi wanaotumwa nyumbani kwetu Tabata na kituo kimoja cha hapa Dar es Salaam. Presha hupimwa kwa wakati na kidonda cha mgongoni kinasafishwa vizuri; hapo sina la kuongeza. Ninalotaka kulieleza ni yale maswali ya kuchunguza kama mzee anatendewa vibaya, kwa kuwa yaliniudhi kwanza, kisha yakawa ndiyo sababu ya kuendelea kulipia.

Siku ya kwanza yaliulizwa sebuleni, mimi, kaka yangu na dada wa kazi tukiwa tumekaa hapo hapo. Mama akatazama pazia, akajibu, "Wananitunza vizuri, mwanangu." Jibu la namna hiyo halina kazi, na niliwaambia hivyo kwa maandishi.

Muuguzi wa pili alimwamkia mama, akapima presha, kisha akatuomba tutoke. Nilikereka, maana ndimi ninayelipa. Baadaye nilielewa kwamba wanafuata orodha ya maswali 6 iliyotungwa Kanada kwa ajili ya madaktari, inayohusu miezi 12 iliyopita, ambayo swali lake la mwisho halijibiwi na mgonjwa bali na mhudumu mwenyewe kwa aliyoyaona: usafi, michubuko, matumizi ya dawa. Huyu alihesabu hata vidonge vilivyobaki.

Mama alimweleza kwamba anakula na kushiba, ila simu yake haikai kwake. Kaka ndiye aliyeshika namba ya siri, na pensheni ilikuwa ikitolewa kwa wakala bila mwenyewe kuulizwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hutendewa vibaya kwa mwaka, nami nilidhani hao wako nyumba za wengine. Muuguzi hakuniambia lolote mpaka mama aliporidhia, jambo ninalolisifu kuliko yote.

Kasoro zipo. Fomu ni ya Kiingereza, hivyo kila muuguzi hutafsiri papo hapo: wa kwanza alitamka "unyanyasaji", neno ambalo mzazi atalikana ili asiwaaibishe wanawe, ilhali wa pili aliuliza, "Bibi, kuna anayekukosesha raha humu ndani?" Tena, nilipouliza hatua inayofuata, kituo hakikuwa na utaratibu wowote wa kumfikia afisa ustawi wa jamii, nilimtafuta mwenyewe. Mkataba nimeuongeza kwa miezi 3, kwa sharti kwamba atumwe yule yule wa pili.