Sola ya duka langu la samaki Busia: paneli zimeshuka bei, hela imehamia kwenye betri na waya

Nauza samaki wa barafu Busia, upande wa Uganda. Ni ngege (sato) na mputa (sangara) kutoka Majanji, mwalo wa Ziwa Viktoria, na kuku wakati wa sikukuu. Friza tatu zinafanya kazi usiku na mchana. Mtambo wangu wa sola umeshapita kiangazi na mvua zote za Machi hadi Mei, kwa hiyo haya ninayoandika nimeyaona kwenye yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ninayonunua na kwenye samaki wenyewe. Wenzangu wa soko wananiuliza kila mara kama inafaa. Inafaa, na duka lililonifungia, lile la karibu na steji ya taksi za Tororo, nawaelekeza huko bila wasiwasi. Ila ukienda na hesabu ya paneli peke yake utashtuka.

Hesabu yangu ndiyo hii. Paneli sita za wati 550, kila moja shilingi 380,000 za Uganda, jumla 2,280,000. Inveta ya haibridi ya kilowati 5, inayopokea jua, betri na umeme wa laini ya taifa kwa pamoja, 2,200,000. Betri moja ya lithiamu ya uniti 5 (kilowati-saa 5), shilingi 4,100,000. Waya, breka, fremu za chuma na waya wa ardhi, 1,150,000. Ufundi 400,000. Zote pamoja 10,130,000. Paneli ambazo kila mpita njia anazikodolea macho juu ya bati hazikufika hata robo ya hela niliyotoa.

Mwaka 2017 mume wangu alinunua paneli ya wati 100 ya taa na simu kule nyumbani kijijini kwa shilingi 350,000. Leo ukiongeza elfu thelathini unabeba wati 550. Hali ni hiyo hiyo duniani kote. Shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, linasema umeme wa mitambo mikubwa ya sola uligharimu wastani wa senti 46 za dola kwa uniti mwaka 2010, na mwaka 2023 ukashuka hadi senti 4.4. Hata kwetu imeonekana. Mtambo wa Soroti ulipofunguliwa Desemba 2016, uniti yake ilipangiwa senti 16.37, na wafadhili kutoka Ulaya walilazimika kujazia senti 5.37 ili mradi usimame. Mtambo wa Mayuge ulipokuja mwaka 2019 bei ilikuwa senti 7 hivi. Viwanda vya China vinatoa paneli nyingi kuliko mahitaji, na sisi wa mipakani tunaziona zikishushwa kwenye malori.

Kwa hiyo kuuza paneli siku hizi si kazi ngumu. Duka moja nililopita kwanza lilinipigia hesabu ya paneli kumi na betri hiyo hiyo moja, bila kuniuliza nafanya biashara gani. Hili la steji ya Tororo, Hajji mwenye duka aliniuliza, "Mama, samaki wanaingia saa ngapi, na unafunga saa ngapi?" Halafu akamtuma fundi aje na mita ya kubana kwenye waya apime friza moja moja. Friza inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshachanganya, na zikianza tatu kwa mpigo inveta ndogo inazimika. Fundi aliona hilo kwa macho, akapanga zianze kwa kupishana. Hapo ndipo waliponipata.

Jambo la pili alilofanya ndilo lililoniokolea hela nyingi zaidi. Badala ya kuniuzia betri mbili, aliweka taima. Kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni, jua likiwa kali, friza zinaganda kwa nguvu zote, na ndani yake napanga chupa za maji mpaka ziwe mawe ya barafu. Usiku friza zinazunguka kidogo tu, kwa sababu ubaridi umeshawekwa humo. Betri inabaki na kazi ya taa, mizani, simu na friza ya mlangoni. Ukifikiria vizuri, ile barafu ni akiba ya jua la mchana, na chupa ya maji haina bei ya lithiamu. Mtu yeyote mwenye biashara ya baridi, maziwa au soda, amwombe fundi wake ampangie hivi kabla ya kutoa hela ya betri ya pili.

Sasa nije kwenye laini, maana wengi wananiambia, "Dada, si utauza umeme unaobaki!" Mchana wa jua kali, hasa Jumapili, mtambo wangu unaweza kutoa kuliko ninavyotumia. Fundi alifunga ile njia kabisa: inveta imewekwa isirudishe hata wati moja kwenye laini. Baadhi ya mita za kulipia kabla huhesabu umeme unaotoka kama vile unaoingia, yaani unatoa umeme wako halafu yaka yako inaliwa. Tena kuna usalama. Umeme wa laini ukikatika na fundi wa shirika la umeme yuko juu ya nguzo, umeme unaotoka dukani kwangu unaweza kumuua. Ndiyo maana inveta nzuri hujitenga na laini mara inapokatika. Fundi wangu alinionyesha kwa kuzima swichi kubwa mbele yangu: taa hazikupepesa, na waya wa kwenda nje ukapimwa hauna kitu. Kwa hilo peke yake ningempa nyota tano.

Lakini swali la kuuza ziada lilinikaa kichwani, nikalifuatilia. Nchi yetu ina uwezo wa kuzalisha zaidi ya megawati 2,000, kwa sehemu kubwa kutoka mabwawa ya Mto Nile: Nalubaale, Kiira, Bujagali, Isimba, na Karuma yenye megawati 600 iliyofunguliwa rasmi mwaka 2024. Soroti, Tororo, Kabulasoke na Mayuge ukizijumlisha zote nne ni megawati 50 za jua. Serikali imekuwa ikilipia hata umeme ambao haukutumika, kwa sababu mikataba ndivyo inavyosema. Kwa hiyo mchana, jua langu linapofurika, laini nayo haina njaa. Njaa yake ni jioni. Wenye viwanda wanalijua hilo, kwani mita zao huhesabu bei ya juu kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku, wakati kila nyumba imewasha taa, pasi na televisheni. Na saa 12 jioni hapa kwetu ikweta jua limeshalegea, na saa 1 hivi limezama, mwaka mzima.

Hapo ndipo penye ugumu wa kuunganisha sola na laini, na bei ya paneli ikishuka tena nusu ugumu huo utabaki palepale. Wingu likipita juu ya Tororo, mtambo wa megawati 10 unaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake mara moja, na kitu kingine lazima kijaze pengo ili umeme ubaki kwenye hezi 50, mapigo yake ya kawaida. Sisi tuna bahati ya mabwawa, maana mashine za maji hupandishwa na kushushwa haraka. Lakini ukienda mtaani, mwisho wa laini ndefu yenye transfoma ndogo, paa ishirini zikirudisha umeme saa 7 mchana volteji inapanda mpaka inveta zenyewe zinajizima. Waya zile zilivutwa kwa umeme unaokwenda upande mmoja. Mimi naamini kwa moyo wote kwamba watu wenye mitambo midogo wangepaswa kulipwa kwa umeme wa jioni unaotoka kwenye betri, kwa bei ya jioni. Betri nazo zinashuka: IRENA inahesabu kwamba kuweka akiba ya uniti moja kwenye mitambo mikubwa kuligharimu dola 2,511 mwaka 2010 na dola 273 mwaka 2023. Tungelipwa hivyo, ningenunua betri ya pili kesho asubuhi.

Volteji ya mtaani kwetu ni ya kupanda na kushuka, na hapo fundi alinisaidia tena. Inveta ina hali mbili za kupokea laini: moja inakataa chochote chini ya volti 170, nyingine inavumilia mpaka volti 90. Akaniwekea ya kwanza. Jioni volteji ikilegea, mtambo unaacha laini na kushika betri, na kompresa za friza zinapona. Waulizeni mafundi wenu hali ipi wamewawekea, kwa sababu nimeona majirani wenye mtambo mzuri na friza zilizoungua.

Malalamiko ninayo, na nimeyasema mbele ya Hajji. La kwanza, kinga ya radi haikuwepo kwenye hesabu ya mwanzo. Eneo letu lote la Ziwa Viktoria linapigwa radi sana, na mtambo wa milioni kumi bila kinga ni hatari tupu. Waliiongeza nilipouliza, lakini mteja asiyeuliza je? La pili, karatasi ya dhamana ya betri haikuwa na tarehe wala muhuri mpaka niliporudi kudai. La tatu, mvua zilipoanza feni ya inveta ikawa inanguruma, na fundi alikuja baada ya kupigiwa simu nyingi. Alipofika alisafisha vumbi, hakunidai hata mia, lakini kusubiri na friza zimejaa mputa ni mateso.

Matokeo sasa. Yaka ya duka ilikuwa shilingi 300,000 hivi kwa mwezi, na miezi ya jua imeshuka chini ya 90,000. Kwa mwendo huo mtambo unarudisha hela yake kwa miaka minne na kidogo, kabla hujahesabu samaki walioacha kuoza. Mwezi wa Aprili hali ilikuwa nyingine: siku za mawingu mazito paneli zilitoa chini ya nusu, betri haikujaa, na bila laini ningefunga duka. Sishauri mtu wa friza akate laini.

Ukienda kununua, beba futi ya kupimia. Paneli ya kweli ya wati 550 ina urefu wa karibu mita 2.28 na upana wa mita 1.13, na uzito wa kilo 28 hivi. Nimeona mjini stika ya 550 ikiwa imebandikwa kwenye paneli fupi kuliko mlango. Dai hesabu kwa maandishi, kinga ya radi ikiwa ndani, na dhamana iliyopigwa muhuri siku hiyo hiyo. Ukifika pale steji ya Tororo, mwambie Hajji akupe fundi yule mwembamba mwenye mita ya kubana, na umtajie saa unazofungua na kufunga.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku watakapoweka fundi wa kupokea simu wakati wa mvua.