Mtoto wa Mbwa Mwanza: Leo Tunamkagua Muuzaji

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo hatukagui mbwa, tunamkagua anayemuuza. Mtoto wa mbwa ukimwogesha kwa shampuu, ukampiga picha jioni na mwamba wa Bismarck nyuma yake, atapendeza tu hata kama tumbo limejaa minyoo. Kwa hiyo zile picha za status tuziweke pembeni.

Kabla ya kuuliza bei, uliza: "Mama yao yuko wapi?" Ukiambiwa yuko shamba huko Kisesa, wewe njoo stendi ya Nyegezi utaletewa mtoto, mimi hapo natoa sifuri kati ya kumi. Mara nyingi huyo ni dalali. Kakusanya watoto kwa watu wanne, kawaweka boksi moja, na mmoja akiwa na parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, ameshawaambukiza wenzake. Parvo hujificha mwilini siku 3 hadi 7 hivi kabla ya kujionyesha. Unamchukua Jumamosi akirukaruka, Alhamisi anatapika na kuharisha damu, na ile namba haipatikani.

Ukikaribishwa nyumbani, anza na mama. Anayenyonyesha chuchu zimelegea, na akikonda kidogo si ajabu, kalisha midomo minane. Ukikuta chuchu zimekaza na kukauka, halafu unaambiwa watoto wana wiki 6, huyo mama kaazimwa kwa jirani. Uliza pia ana umri gani na kazaa mara ngapi. Jike huingia kwenye joto, yaani kipindi cha kupandwa, takriban kila miezi 6, na mimba ni siku 63 hivi. Jike wa miaka 3 mwenye mizao minne hajapumzishwa vya kutosha. Huyo anazalishwa kama mashine, na mwenye mbwa hatakuficha sana ukimhesabia miezi taratibu.

Sasa nasogeza kamera, ona hapa mdomoni. Umri wa mtoto uko kwenye meno. Haya madogo ya mbele huanza kuchomoza wiki ya 3 au ya 4, ya nyuma yanafuata, na akifika wiki 8 kwa kawaida ana meno 28 ya utoto, makali kama sindano. Ukikuta ya mbele tu na nyuma fizi tupu, huyo bado mchanga sana, alitakiwa awe kwa mama yake. Wauzaji huharakisha kwa sababu kuanzia wiki ya 4 chakula kinaanza kuwagharimu. Mkiwa hapo hapo, bonyeza fizi kwa kidole. Inageuka nyeupe, kisha rangi ya waridi inarudi ndani ya sekunde 2. Fizi iliyopauka tangu mwanzo, fikiria minyoo, viroboto au kupe.

Kadi ya chanjo ndiyo inayodanganya kuliko vyote, kwa hiyo hapa tusiende haraka. Chanjo ya parvo na homa ya mbwa (distemper) huanza wiki ya 6 hadi ya 8, kisha hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huchomwa akifika miezi 3. Mtoto wa wiki 8 mwenye kadi iliyojaa, hadi ya kichaa? Hesabu haikubali. Pili, tafuta stika. Kichupa cha chanjo kina stika yenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, na daktari huibandua na kuibandika kwenye kadi pamoja na muhuri wake. Kadi ya maandishi ya kalamu tu, wino mmoja, tarehe zote mwandiko ule ule, mimi siihesabu. Na muuzaji akisema alichoma mwenyewe, uliza chanjo aliihifadhi wapi. Inatakiwa nyuzi joto 2 hadi 8, na umeme wetu mnaujua.

Masikio ya German Shepherd wa wiki 8 kulala si kasoro. Mengi husimama kufikia miezi 4 au 5. Anayekuongezea bei kwa masikio anauza maneno.

Uliza wanakula nini. Ugali wa dona na dagaa si dhambi, ila dagaa wa kuanikwa mchangani waoshwe vizuri. Anayewatupia watoto mapanki, yale mabaki ya sangara, na miba yake mumwepuke. Omba chakula chao cha siku tano uchanganye na chako kidogo kidogo, maana kubadilisha ghafla ndiko kunakoharisha.

Kuhusu hela: advansi ndogo, na karatasi inayosema una siku 3 za kumpeleka kwa daktari wa mifugo unayemchagua wewe, akikutwa mgonjwa unarudishiwa hela. Siku ya kumchukua nenda na boksi lako na taulo, usitumie boksi la muuzaji, na usimshushe chini stendi hata akilia: virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi.