Betri za AA kwenye kamera ndogo: nilizojaribu na nilizobaki nazo hapa Mtwara

Niseme mapema: kwa kamera ndogo inayotumia betri mbili za AA, nimebaki na Eneloop nyeupe za kuchaji, na pea moja ya lithiamu naificha kwenye mfuko wa begi kwa dharura. Zile za bei ya kutupa za dukani siziweki kwenye kamera hata nikipewa bure.

Kamera yangu ni Canon PowerShot A1200, toleo la mwaka 2011, megapikseli 12. Watu wananitania nayo, maana kila mtu ana simu. Wacha wanitanie. Kazi yangu ni picha za shughuli: mahafali, harusi, maulidi, na shule zikifunga, sherehe za kutoa wali (mabinti waliokuwa unyagoni) huko Nanyamba, Tandahimba mpaka Newala. Simu ikiisha chaji porini, kazi imeisha. Kamera zenye betri ya umbo lake pekee nazo ni mtihani, betri ikifa unaagiza Dar. AA unaikuta hadi kibanda cha mwisho kijijini, kati ya viberiti na sabuni ya mche. Sasa shida inabaki ni AA ya aina gani, kwa sababu kwa nje zote zinafanana.

Usisome maneno makubwa ya kwenye pakiti, "super" sijui "extra". Geuza betri utafute herufi ndogo. R6 ni zinki na kaboni, zile za redio na tochi. LR6 ni alkalaini. HR6 ni ya kuchaji, mara nyingi imeandikwa Ni-MH. FR6 ni lithiamu, hiyo haichajiwi. Pale soko kuu muuzaji mmoja alinipa pakiti nyekundu, akaniambia, "Chukua hizi kaka, kali hizi, zinakaa." Nikageuza: R6. Nikamwambia, "Zinakaa kwenye redio, bwana." Akacheka, akaingiza mkono chini ya meza akatoa alkalaini. Kumbe alikuwa nazo muda wote!

Kamera haifanani na redio. Ukiiwasha tu, mota inasukuma lenzi nje, kioo cha nyuma kinawaka, flashi inaanza kujaza umeme wake, yote kwa mkupuo. Inataka umeme mwingi kwa muda mfupi. R6 ni kama kibuyu chenye mdomo mwembamba: hata kikiwa kimejaa, hakimimini haraka. Kamera inavuta, volti zinaanguka, inadhani betri zimekwisha, inajizima. Mara nyingine inajizima lenzi ikiwa bado nje, na hapo usijaribu kuisukuma kwa kidole. Weka betri zenye nguvu, iwashe, itarudi yenyewe.

Alkalaini ni afadhali, tena afadhali sana, lakini zina tabia moja inayonikera. Zinaanza na volti 1.5, halafu zinashuka taratibu tangu picha za mwanzo. Unaligundua kwenye flashi. Mwanzoni inarudi upesi, baadaye inasuasua, mwishoni unasimama na kamera usoni ukisubiri taa iwe tayari. Siku moja Tandahimba wali wametoka ndani, wamepakwa mafuta wanang'aa, khanga mpya bado zina mikunjo ya dukani, vigelegele juu, akina mama wanawatuza. Mimi nasubiri flashi. Bibi mmoja akanigeukia: "Baba, mbona unatuangalia tu? Piga!" Nikabadilisha nikaweka Eneloop palepale, flashi ikaanza kurudi bila kunichelewesha, na bibi mwenyewe akapigwa picha nne akiwa amekaa mkao wa kibibi harusi. (Kwa wasiojua mila za kwetu: unachopiga ni siku ya kutoka. Ya ndani ya unyago hayana picha, na ukiulizia unafukuzwa.)

Wengi wanaziogopa betri za kuchaji kwa sababu zimeandikwa 1.2V. Wanaona 1.5 ni kubwa kuliko 1.2, hesabu imekwisha. Lakini hiyo 1.5 ya alkalaini ni ya betri iliyotulia. Flashi ikianza kuvuta, inashuka chini ya 1.2 mapema tu, wakati Ni-MH inashikilia palepale karibu na 1.2 hadi inapokaribia kuisha. Kama kamera yako ni Nikon Coolpix za L zinazotumia AA, ingia kwenye menyu ya mipangilio uchague aina ya betri uliyoweka. Usipoibadilisha, alama ya chaji haitakuonyesha ukweli.

Si kila Ni-MH ni Eneloop, lakini. Zile za zamani zinavuja chaji zikiwa zimekaa tu, na joto linazidisha. Joto la kwetu mnalijua, hasa begi likiwa limefungwa nyuma ya bodaboda saa saba mchana kwenda Newala. Unachaji leo, wiki mbili baadaye unafungua begi zimeshapungua vibaya. Eneloop ilitolewa na Sanyo mwaka 2005 kwa ajili ya tatizo hilohilo, siku hizi jina ni la Panasonic. Naweza kuzichaji, shughuli ikaahirishwa kwa msiba, nikaenda mwezi unaofuata nikapiga kazi nzima bila kuzirudisha kwenye chaja. Kwangu hiyo peke yake inatosha.

Zipo nyeupe na nyeusi. Nyeusi, Eneloop Pro, ina miliampea-saa (mAh, kipimo cha chaji inayobebwa) 2500 dhidi ya 1900 hivi za nyeupe, ila mtengenezaji anaihesabia kuchajiwa mara 500, wakati toleo jipya la nyeupe anasema mara 2100. Nimechukua nyeupe. Nabeba pea ya akiba, kwa hiyo uwingi wa chaji haunisumbui. Bei, pea moja unaweza kununulia pea kadhaa za alkalaini, siwezi kuficha hilo, na hapa mjini hazipatikani kila siku. Zangu niliagizia Kariakoo zikaja na basi. Mkiagiza, muwe macho: AA ya Ni-MH iliyoandikwa mAh 4000 au 5000 ni uongo mtupu. Zilizo bora kabisa haziendi mbali kupita 2700.

Chaja nayo msiipuuze. Zile nyepesi zenye taa moja nyekundu zinachaji mbilimbili na hazijui betri imejaa lini, zinaendelea tu kuzipika. Tafuta inayoangalia kila betri peke yake na kujizima ikijaa. Halafu weka alama ya kalamu kwenye kila pea: mbili hizi zichajiwe pamoja, zitumike pamoja. Ukichanganya yenye nguvu na iliyochoka, iliyochoka inaiangusha nyingine.

Lithiamu FR6 ni nyepesi mno, karibu nusu ya uzito wa Ni-MH, zina nguvu kwenye flashi na zinakaa miaka mingi bila kuharibika. Ukizimaliza ndiyo basi, na bei yake inauma. Ndiyo maana zangu zinalala begini. Hizo msizichanganye na betri ya lithiamu yenye umbo la AA iliyoandikwa 3.7V, namba 14500, ya tochi. Inaingia vizuri kabisa kwenye kamera, na mbili zinapeleka zaidi ya volti saba mahali palipotengenezewa tatu. Kamera inaungua.

Kwa tunaoishi Shangani na Mikindani, upepo wa chumvi unapaka kutu kwenye vile vyuma vya ndani ya kifuniko. Nasugua kwa ufutio wa penseli, napangusa na kitambaa kikavu. Alkalaini zikivuja ule unga mweupe, pamba yenye siki au limau kidogo inautoa, halafu paache pakauke kabisa kabla ya kuwasha. Kamera ikikaa bila kazi toa betri.

R6 zile nyekundu bado nanunua, za saa ya ukutani na rimoti. Huko zinafanya kazi safi, na alkalaini zilizokataliwa na kamera nazo nazimalizia hukohuko.