TAHADHARI: Anayeuza "usiku wa fanusi" Mji Mkongwe ni tapeli, msimpe hata shilingi

Nimekaa siku tatu siandiki kwa sababu ya aibu. Leo asubuhi nimemwona ametangaza tena, picha zilezile, maneno yaleyale, tarehe mpya. Basi, aibu yangu naiweka pembeni. Kuna mtu anauza ziara ya kupiga picha usiku Mji Mkongwe, Unguja, anaiita usiku wa fanusi, ati umeme unazimwa mji mzima zinawashwa fanusi tupu. Ametutapeli 840,000 watu wanne na bado anatafuta wengine.

Jina lake siliandiki hapa kwa sababu tangu Jumamosi keshalibadilisha mara mbili, na ukurasa wake nao umebadilishwa jina. Mkilishika jina, mtu atawapita. Shikeni namna anavyofanya.

Mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu, mimi ndiye niliyekusanya hela, na mkono uliompa yule mtu zile noti ni huu wangu. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko hela yenyewe.

Ilikuwa Forodhani, saa kumi na mbili kasoro robo. Jua limeshuka, vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani, wauza mishkaki ndio wanawasha moto, moshi unatupita usoni. Akaja kavaa kanzu nyeupe imepigwa pasi, kofia ya viua, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Akatusalimia mmoja mmoja, akampokea mdogo wangu begi la kamera, akasema, "Dadangu, hapana tabu, leo mtapiga picha mpaka mchoke." Akatununulia maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu, glasi nne, akalipa yeye. Tukakaa kwenye ukuta. Akatueleza njia nzima: tutaanza nyuma ya Ngome Kongwe, tutapita Gizenga, Hurumzi, tutatokea Kiponda ambako fanusi arobaini zimeshatundikwa zinasubiri kuwashwa, kisha tutapanda juu ya Beit al Ajaib, lile Jumba la Maajabu, tuupige mji kwa juu.

Halafu akasema, kwa upole kabisa, "Tumalizane hapahapa kwenye mwanga, dadangu. Huko ndani kwenye vichochoro si pazuri kutoa hela." Nikaona ni maneno ya mtu anayetujali! Advansi ya 90,000 kila mtu tulishamtumia kwa simu wiki mbili nyuma. Ilibaki 90,000 nyingine, na pale ndipo akaongeza 30,000 kwa kila stendi ya kamera, ati kibali cha stendi kimepanda. Nikatoa 480,000. Noti arobaini na nane za elfu kumi, nilizitoa kwa wakala asubuhi ile kabla ya kupanda boti Dar. Akazihesabu polepole, analowesha kidole, mara mbili. Katikati akasimama, akanirudishia noti moja iliyochanika pembeni, akasema hii itakusumbua dukani, nipe nyingine. Nikampa nyingine. Naapa ile noti ndiyo iliyonimaliza. Mtu anayechagua noti iliyochanika, anayekurudishia ya kwako badala ya kuikunja na nyingine, moyo wako unakwambia huyu ni mtu wa haki. Ile noti ninayo mpaka sasa kwenye pochi, sijui niifanye nini.

Kisha ikaadhiniwa magharibi. Akasema, "Niwieni radhi, niwahi swala, narudi sasa hivi." Utamshuku vipi mtu anayekwambia hivyo? Nani kati yenu angemshika kanzu amwambie usiende kuswali?

Wapiga picha mnaelewa nilichopoteza katika kusubiri kule. Kwetu huku karibu na ikweta jua likishazama halibaki nyuma likakungoja. Una dakika ishirini hivi, anga ni buluu iliyokolea, taa zinaanza kuonekana na kuta bado zinasomeka, ukifungua shata ya kamera sekunde kumi au kumi na tano unapata rangi zote mbili, buluu ya juu na manjano ya taa. Ikipita hiyo unabaki na weusi mtupu na taa zilizoungua. Nimetoka Tabata kwa ajili ya dakika ishirini hizo. Nimeziangalia zikiisha nimekaa kwenye ukuta wa Forodhani na stendi mapajani, natazama njia aliyopita.

Alirudi. Hilo lazima niliseme, alirudi, na ndiyo maana tuliendelea kumwamini. Saa moja na dakika kumi, giza limeshaingia. Akatupitisha Beit al Ajaib, kumezungushiwa uzio, akasema mlinzi hayupo leo, tutarudi baadaye. Nilijua jengo lile sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, nchi nzima ilijua, ila alikuwa ameniambia kwenye meseji kwamba watu wa picha wanaingia kwa kibali maalumu. Nikakubali. Nilitaka kukubali.

Tukaingia Gizenga, tukakata Hurumzi, anatembea mbele haraka, kona baada ya kona, mpaka tukasimama Kiponda kwenye kichochoro ambacho mkinyoosha mikono miwili mnagusa kuta zote mbili. Mlango mmoja mkubwa, kizingiti cha juu kimechongwa maua, pembeni umechongwa mnyororo kuanzia juu mpaka chini, misumari ya shaba imeng'aa kwa kushikwa. Mlango mzuri kweli. Na kwenye baraza, taa nne.

Fanusi arobaini zimekuwa nne, na zenyewe si fanusi. Mimi nimelelewa na bibi yangu kwa taa ya chemli, nakumbuka harufu ya mafuta, nakumbuka kusafisha chimni kwa gazeti kabla ya giza. Vile vilikuwa vitaa vya plastiki vya betri, mwanga mweupe wa duka la dawa, kimoja stika ya bei bado imebandikwa chini. Nikamwuliza ziko wapi nyingine. Akasema, "Zinakuja, dadangu, kijana kaenda kuzichukua, anzeni na mlango huu." Tukafungua stendi. Nikaweka kamera, nikalenga mlango, nikafungua shata sekunde kumi na tano.

Mlango ukafunguka shata ikiwa wazi.

Akatoka bibi mtu mzima, kajitanda khanga, tochi mkononi. Nikasema shikamoo bibi. Akaitika marahaba, kisha akaniuliza, "Nani kakwambieni mje kupiga picha mlangoni kwangu usiku huu? Wanangu wamo ndani vichwa wazi." Nikageuka nimwoneshe mwenyeji wetu. Hayupo. Taa zipo barazani, begi letu la pili lipo chini, yeye hayupo. Sijui ni kona gani aliyoingia. Nikaanza kueleza, kibali, fanusi, umeme kuzimwa. Bibi akanitazama muda mrefu. "Umeme uzimwe? Sie tulikaa gizani miezi mitatu mwaka ule, tukaozewa na samaki, leo tuzime kwa hiari yetu mje kutupiga picha?"

Anasema kweli. Unguja ilikosa umeme kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010 kwa hitilafu ya njia ya umeme unaotoka bara. Wenyewe hawajasahau. Na mimi nimesimama mbele ya mwanamke aliyeyapitia hayo, namweleza kwamba mtaa wake utazimwa taa kwa raha zangu.

Majirani wakatoka. Kijana mmoja akasema twende kwa sheha, kiongozi wa mtaa, tukaenda, wanne na mastendi yetu, watu wanatutazama kutoka madirishani kama wezi. Sheha alitusikiliza vizuri, Mungu ambariki. Akaangalia ile karatasi ya kibali niliyokuwa nayo kwenye simu, akasema haijui. Tukafuta picha mbele yake, zote. Bibi akasema yamekwisha, ila hakunitazama tena. Namba ya yule mtu ilikuwa haipatikani na haijapatikana mpaka leo.

Sasa, mtaniuliza ilikuwaje nikaamini habari ya umeme kuzimwa. Aliandika hivi: kila tarehe kumi na nne ya mwezi mwandamo, Mji Mkongwe unazima taa za umeme, zinawashwa fanusi tupu. Sisi watu wa pwani mwezi wa kumi na nne tunaujua tangu utotoni, ndio tunaosifia nao uzuri. Ikaingia akilini. Na Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, nikasema labda ni mambo ya utalii, serikali imeanzisha. Sikumpigia mtu yeyote wa Unguja kumwuliza. Nina shemeji yangu anaishi Ng'ambo! Simu moja tu.

Niliporudi Dar nikazitafuta picha za tangazo lake mtandaoni moja moja. Ile ya pili, ambayo wote tuliipenda, kuta za manjano, taa za hariri za rangi zimejaa juu ya njia, mto pembeni na mashua za mbao: ni Hoi An, Vietnam. Ni mji mkongwe wa watu wengine kabisa, nao uko UNESCO tangu 1999, na huko ndiko wanakopunguza taa za umeme usiku wa kumi na nne wa mwezi mwandamo wakawasha taa za karatasi na hariri. Kachukua sherehe ya Wavietnam nzimanzima, na tarehe yake, akaibandika Unguja. Tangu lini Mji Mkongwe ukapitiwa na mto? Niliitazama picha ile labda mara hamsini, mimi ninayelipwa kutazama picha, sikuuona mto.

Mtu huyu akamatwe. Sisemi asamehewe, sisemi aonywe. Afungwe, arudishe hela za watu, na kile kitambulisho alichokitundika shingoni aeleze mbele ya hakimu amekitoa wapi, kwa sababu kuna vijana wa Unguja waliosajiliwa Kamisheni ya Utalii, wanaojua historia ya kila mlango, wanakaa Forodhani siku nzima hawapati mgeni kwa sababu ya watu kama huyu. Papasi wa barabarani, hawa wanaowaandama wageni kuwauzia ziara, angalau unamjua ni papasi. Huyu anavaa kanzu ya swala kuibia watu! Anatumia adhana! Anawapeleka wageni kwenye mlango wa bibi wa watu, wadharaulike wote wawili, bibi na wageni, yeye akatize kichochoro. Nimeandikisha polisi, nina RB, yaani namba ya taarifa ya polisi, na namba yake ya simu nimeituma 15040 ya kuripoti matapeli, na kila nikimwona amefungua ukurasa mpya nitauripoti, hata uwe wa mia. Kama kuna wakili humu anayejua namna ya kuunganisha malalamiko ya watu wengi kesi ikawa moja, naomba anitafute. Nataka nimwone kizimbani.

Mengine yaliyokuwa wazi ambayo nayaona sasa: tulipotuma advansi jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke, akasema ni mke wake, tukabonyeza. Kitambulisho hakukaa nacho upande wa mbele, kila mara kilikuwa kimegeuka, sikuuona uso wa kadi hata mara moja. Kibali kilikuwa picha ya karatasi, muhuri umefifia hausomeki, na tarehe haikuwepo. Nikimwomba tuongee kwa simu ya video usiku anioneshe vichochoro, mtandao kila siku mbovu. Na hela ya stendi, hiyo ya 30,000, haikuwepo kwenye makubaliano yetu, ilizaliwa pale ukutani na sisi tumeshavuka bahari.

Tangazo lake jipya linasema nafasi sita, advansi imepanda hadi laki moja, na picha ya kwanza sasa ni ile ya mtoni. Kwenye maoni kuna dada kauliza kama watoto wanaruhusiwa, keshajibiwa ndiyo. Nimemwandikia huyo dada mara tatu, hajasoma. Kama unamfahamu mtu yeyote anayepanga kwenda Unguja kupiga picha mwezi huu, mpigie sasa hivi kabla hajatuma hela. Na kama umeshatuma, tunza meseji ya muamala, usifute mazungumzo hata akikutukana, nenda polisi leo, kisha niandikie. Mpaka sasa tuliotapeliwa tumefikia watu saba.