Kufuatilia nasaba ya Waseneca katika nyaraka za serikali ya Marekani: uzoefu wangu

Huduma: katalogi ya mtandaoni ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani (NARA), nikiitumia pamoja na FamilySearch, tovuti ya kutafuta nasaba.
Bei: bure zote mbili, FamilySearch inakutaka tu ufungue akaunti.
Alama: 4 kati ya 5 kwa miaka ya 1885 hadi 1950, na 2 kati ya 5 kwa miaka ya kabla ya hapo.

Alama zimepishana kwa sababu nyaraka zenyewe zimepishana. Waseneca ni mojawapo ya mataifa ya wenyeji asili wa New York. Jedwali lililoambatishwa kwenye mkataba wa kuuza ardhi yao, wa Buffalo Creek wa 1838, linataja Waseneca 2,309 na halitoi jina hata moja. Mambo yalibadilika kwa sheria ya tarehe 4 Julai 1884, iliyomtaka kila wakala wa serikali apeleke Washington, kila mwaka, orodha ya majina ya wenyeji asili walio chini yake. Orodha hizo ndizo mkusanyo unaoitwa M595: rolo 692 za mikrofilamu, kuanzia 1885 hadi 1940, na picha zake sasa zinafunguka bila malipo. Kwa anayetafuta nasaba ya Kiseneca, hapo ndipo penye nyama.

Kabla ya kufungua rolo yoyote, amua unawatafuta Waseneca gani. Leo yapo mataifa 3 yanayotambuliwa na serikali kuu. Taifa la Seneca la New York, lenye maeneo ya Allegany, Cattaraugus na Oil Springs, liliacha utawala wa machifu mwaka 1848 na kujiandikia katiba yenye viongozi wa kuchaguliwa. Watu wa Tonawanda waliyakataa mageuzi hayo, wakabaki na machifu wao, na kwa mkataba wa 1857 wakainunua tena sehemu ya ardhi yao iliyokuwa imeuzwa. Wa tatu ni Seneca-Cayuga wa Oklahoma, ambao wazee wao waliondolewa Ohio kwa mikataba ya 1831. Wako pia Waseneca wa Grand River, Ontario, lakini nyaraka zao ni za upande wa Kanada na katalogi hii haitakufikisha huko. Ukikosea hatua hii utasoma mamia ya kurasa za watu wasio ndugu zako, tena wenye majina yaleyale.

Kasoro kubwa ya huduma iko kwenye utafutaji. Ukiandika "Seneca" peke yake utaletewa kaunti za Seneca za New York na Ohio, mji wa Seneca Falls, na hata mwanafalsafa wa Roma ya kale. Orodha zilipangwa kwa jina la ofisi ya wakala, si kwa jina la kabila. Andika "M595" pamoja na "New York Agency". Kwa watu wa Oklahoma andika "Quapaw Agency", na ukikuta pengo jaribu "Seneca School", shule ya serikali iliyokuwa Wyandotte, kwa kuwa kwa miaka kadhaa orodha zilitoka kwa jina lake. Ukiipata rolo, usitegemee kisanduku cha kutafutia majina. Fungua picha ya kwanza, tafuta ukurasa unaotaja mwaka na kabila, kisha pitia kurasa kwa jicho. Rolo moja hubeba miaka kadhaa, na ndani ya mwaka mmoja New York ina Waseneca wa Allegany, wa Cattaraugus na wa Tonawanda, pamoja na mataifa jirani: Waonondaga, Wacayuga, Watuscarora na wengine, kila kundi na orodha yake.

Kuna mtego wa jiografia ambao naona unawaangusha hata watafiti wazoefu. Eneo la Allegany halimo katika kaunti ya Allegany; limo katika kaunti ya Cattaraugus. Eneo la Cattaraugus limetandaa katika kaunti 3: Cattaraugus, Erie na Chautauqua. Tonawanda nalo liko Genesee, Erie na Niagara. Katika maeneo haya yote ni Oil Springs, kipande kidogo, ndicho kinachogusa kaunti ya Allegany. Kwa hiyo ukitafuta sensa au cheti cha kifo kwa kufuata jina la eneo, utafungua kaunti isiyo yake na kudhani mtu hakuandikwa.

Namna ya kuzisoma orodha ni moja tu: anza na mtu unayemfahamu kwa hakika, kisha rudi nyuma mwaka baada ya mwaka bila kuruka. Kila mstari una namba, jina, jinsia, umri na uhusiano wa mtu na mkuu wa kaya. Kuanzia 1930 safu zinaongezeka: hali ya ndoa, mahali anapoishi, na kile serikali ilichokiita kiwango cha damu, yaani sehemu ya asili ya mtu iliyohesabiwa kuwa ya wenyeji asili. Baadhi ya miaka ina safu ya namba ambayo mtu alikuwa nayo mwaka uliotangulia, na hiyo naithamini kuliko safu nyingine yoyote. Binti akiolewa jina la familia hubadilika, tahajia hubadilika na kaya hubadilika, lakini namba ya mwaka jana inakurudisha moja kwa moja kwenye mstari wake chini ya mama yake. Ukiruka miaka 10 umeukata uzi huo kwa mkono wako.

Kuhusu umri uwe mkali. Mawakala wengine walinakili orodha ya mwaka uliopita na kumwongezea kila mtu mwaka mmoja. Umri unaopanda sawasawa kwa miaka 15 unaonekana kama mashahidi 15, kumbe ni shahidi mmoja aliyenakiliwa. Mimi huuamini zaidi umri wa mara ya kwanza mtoto alipoandikwa akiwa mchanga, na ule wa sensa kuu ya taifa iliyofanywa na mtu mwingine, kwa fomu nyingine. Kwa sababu hiyohiyo, marehemu anaweza kuendelea "kuishi" kwenye orodha, hivyo kuwemo kwake mwaka fulani si uthibitisho kwamba alikuwa hai.

Sasa jambo ambalo bila kulielewa nyaraka zote hizi zitakupotosha. Waseneca hufuata kukeni. Mtoto ni wa taifa la mama yake na wa ukoo wa mama yake, kama ilivyo kwa Waluguru. Koo ni 8: Mbwa-mwitu, Dubu, Kobe na Biva upande mmoja, Kulungu, Mwewe, Korongo na Sululu upande wa pili. Karani wa serikali kuu alikuja na fomu ya kuumeni, yenye baba juu na jina lake la familia likishuka kwa watoto. Matokeo yake ni kwamba familia moja inaweza kukaa pamoja kwenye sensa na kutawanyika kwenye orodha za wakala. Baba Mseneca aliyeoa Mcayuga hapo Cattaraugus ataonekana peke yake kwenye orodha ya Waseneca, na mkewe na watoto wako kurasa kadhaa mbele, kwa Wacayuga. Mtafiti asiyejua huandika kwamba mtu huyo hakuwa na watoto. Kinyume chake nacho kipo: mwanamke Mseneca aliyeolewa na mzungu huandikwa na watoto wake, na mume hayumo kabisa.

Ndiyo maana nashauri ujenge mti wa nasaba kwa kupanda na wanawake. Tafuta mama, kisha mama wa mama, kisha dada zake. Orodha za wakala kwa kawaida hazitaji ukoo, lakini ukiuthibitisha ukoo wa mwanamke mmoja, umeupata wa watoto wake wote na wa mama yake mzaa mama.

Majina ya Kiseneca yana utaratibu wake pia. Jina ni mali ya ukoo. Mtu alipewa moja utotoni na jingine ukubwani, na akifa jina linaweza kurudi kwa ukoo na kupewa mwingine. Vyeo vya machifu hufanya vivyo hivyo: Ely S. Parker wa Tonawanda, aliyekuja kuwa Kamishna wa Mambo ya Wenyeji Asili mwaka 1869, alivikwa cheo cha Donehogawa mwaka 1851, na kabla yake walikuwapo wengine walioitwa hivyohivyo. Ukikuta jina moja la Kiseneca mwaka 1794 na tena miaka 50 baadaye, usiwaunganishe kuwa mtu mmoja wala baba na mwana mpaka upate ushahidi wa pili. Tahajia hutegemea nani aliandika: Mquaker (Mkristo wa dhehebu la Marafiki), mmisionari Mpresbiteri au karani, kila mmoja alisikia kwa sikio lake. Soma jina kwa sauti, kisha linganisha matamshi badala ya herufi.

Sensa kuu ni nzuri kwa miaka michache. Ile ya 1890 karibu yote iliteketea katika moto wa 1921 huko Washington. Za 1900 na 1910 zilikuwa na fomu maalumu kwa wenyeji asili, zenye safu za kabila la mhusika, la baba na la mama. Safu ya mama ndiyo unayoitaka. Fomu hizo mara nyingi zimewekwa mwisho, baada ya kurasa za kawaida za wilaya au kaunti, hivyo usikate tamaa ukimkosa mtu mwanzoni. Sensa ya 1950, iliyofunguliwa Aprili 2022, ilikuwa na fomu ya P8 kwa ajili ya maeneo ya wenyeji asili, na humo waliulizwa hata ukoo.

Watu wengi huanza kwa kutafuta Orodha za Dawes. Usipoteze muda: hizo ni za mataifa 5, yaani Cherokee, Choctaw, Chickasaw, Creek na Seminole. Sheria ya Dawes ya 1887, iliyogawa ardhi ya wenyeji asili kwa mtu mmoja mmoja, yenyewe iliyaweka kando maeneo ya Waseneca wa New York, kwa hiyo hakuna mafaili ya mgawo wa ardhi kwa watu wa Allegany au Cattaraugus. Waseneca wa Oklahoma ndio waliogawiwa viwanja, na mafaili ya Quapaw yapo tawi la NARA la Fort Worth, Texas.

Kinachostahili muda wako ni madai ya Kansas. Kwa mkataba wa 1838 kampuni ya ardhi ya Ogden ilinunua maeneo 4 ya Waseneca kwa dola 202,000, na serikali ikaahidi ardhi magharibi mwa Missouri, katika Kansas ya leo. (Ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi wanaoishi Buffalo wanaishi ndani ya habari hii; sehemu ya kusini ya mji huo imesimama juu ya eneo la Buffalo Creek.) Mkataba wa 1842 uliwarudishia Allegany na Cattaraugus, Buffalo Creek ikapotea, na ardhi ya Kansas ikauzwa kwa wengine. Mwaka 1898 Mahakama Kuu ya Marekani iliwapa haki wenyeji wa New York, na fidia ikafika karibu dola milioni 2. Ili kugawana fedha hizo, watu walituma maombi mwanzoni mwa karne ya 20 na kueleza wanatokana na nani. Maombi haya yako katika kundi la nyaraka namba 75, RG 75, na hukurusha juu ya pengo la kabla ya 1885. Soma pia yaliyokataliwa, kwani mwombaji aliyepingwa alilazimika kujieleza kwa urefu.

Nyuma ya 1885 katalogi inakuwa hafifu, na itabidi uitoke. Sensa ya jimbo la New York ya 1845, iliyosimamiwa kwa upande wa wenyeji asili na Henry R. Schoolcraft, iliandika kaya kwa wakuu wake. Barua za mawakala za 1824 hadi 1881 ziko kwenye mkusanyo mwingine wa mikrofilamu, M234, lakini hazina faharasa ya majina ya watu wa kawaida. Ni kazi ya kusoma tu. Waquaker walifika Allegany mwaka 1798 na nyaraka zao ziko chuo cha Haverford, Pennsylvania. Za wamisionari wa Bodi ya Marekani, akiwemo Asher Wright aliyeijua lugha ya Kiseneca vizuri, ziko maktaba ya Houghton, Harvard.

Kwa watoto waliopelekwa shule, mafaili ya shule ya bweni ya Carlisle (1879 hadi 1918) yamewekwa mtandaoni na chuo cha Dickinson, bure, na hutaja wazazi na kijiji. Ya shule ya Thomas ya Cattaraugus, iliyoanza 1855 kama nyumba ya yatima na kufungwa 1957, yako Hifadhi ya Nyaraka ya Jimbo huko Albany. Ya karibuni yana vizuizi vya faragha, hivyo andika kwanza kabla ya kusafiri. Tahadhari nyingine ni ya makaburi: bwawa la Kinzua lilifunika sehemu ya Allegany katika miaka ya 1960 na makaburi yakahamishwa, kwa hiyo kaburi unaloliona leo huenda haliko mahali mtu alipozikwa.

Vipimo vya DNA sivipi alama yoyote kwa kazi hii. Kipimo cha upande wa mama kitakuambia uko kundi A, B, C, D au X, na makundi hayo yametapakaa kwa wenyeji asili wa bara zima. Hakuna kinachomtenga Mseneca na Mmohawk, wa taifa jirani. Uraia wa Taifa la Seneca huamuliwa na Ofisi ya Karani wa taifa lenyewe, kwa mama aliyeandikishwa, na wala si kwa asilimia ya damu. Ukiwaandikia, peleka mnyororo wa wanawake: cheti chako chenye jina la mama, cha mama chenye jina la bibi, kisha nakala ya ukurasa wa M595 wenye mwaka, jina la ofisi ya wakala na namba ya mstari.