Vielekezi vya kekee vya printa ya 3D: kazi safi, karatasi pungufu

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikiagiza vielekezi vya kekee kutoka karakana moja inayofanya kazi chini ya sheria za Umoja wa Ulaya. Kielekezi ni kipande cha resini kinachokaa juu ya meno ya mgonjwa, chenye tundu linaloiongoza kekee hadi mahali hasa pa kuweka kipandikizi, yaani skrubu ya kushikilia jino bandia kwenye mfupa wa taya. Mimi hutuma picha za CT (eksirei za pande tatu) pamoja na umbo la kinywa lililochukuliwa kwa skana, wao huchora, nami huukagua mchoro kabla haujachapwa.

Kazi yenyewe ni nzuri. Kipande hukaa bila kuchezacheza, na ubavuni wameacha vidirisha vidogo vinavyoniwezesha kuona kama resini imelalia jino au imening'inia. Hakinati kidoleni wala hakinuki, na hilo si dogo kwa mtu aliyewahi kupokea resini iliyooshwa ovyo na kukomazwa nusunusu kwa mwanga wa urujuanimno, maana mabaki mabichi huwasha ufizi.

Malalamiko yangu ni ya karatasi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2017/745 kuhusu vifaa tiba, iliyoanza kutumika tarehe 26 Mei 2021, inakipa unafuu kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja: hakiwekwi alama ya CE, ile inayoonyesha kwamba bidhaa imetimiza matakwa ya Umoja huo. Lakini unafuu huo una masharti. Lazima kuwe na agizo la maandishi la mtu mwenye idhini, naye mtengenezaji aambatanishe tamko linalomtambulisha mgonjwa kwa jina, kifupisho au namba, linalomtaja aliyeandika agizo na sifa alizotaka, na linalosema kwamba matakwa ya jumla ya usalama yametimizwa, au ni lipi halikutimizwa na kwa nini. Nyaraka huhifadhiwa angalau miaka 10, na 15 kwa vifaa vinavyopandikizwa mwilini.

Vielekezi vyangu vinne vya kwanza vilikuja na risiti na nakala ya cheti cha resini, basi. Nilipouliza, nilijibiwa kwa adabu kwamba resini ina alama ya CE. Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika tathmini hii. Cheti cha resini kinahusu resini iliyochapwa, kuoshwa na kukomazwa kwa utaratibu uliopimwa. Unga mzuri haukuhakikishii kwamba mkate umeiva. Mwongozo wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, wa Desemba 2017 kuhusu vifaa tiba vinavyochapwa unapita humo humo hatua kwa hatua, kuanzia programu ya kuchorea na udhibiti wa malighafi hadi usafishaji na upimaji. Mwongozo huo hauwafungi, ila mtu aliyeusoma asingenijibu vile.

Tangazo lao pia linadai kwamba kila kipande ni cha kipekee, kwa hiyo hakihitaji chochote zaidi. Si kweli. Kanuni hiyo hiyo inavitoa kwenye unafuu vifaa vinavyozalishwa kwa wingi kwa michakato ya kiwandani, hata kama kila kimoja kina agizo lake la maandishi, na karakana inayojaza sahani nzima ya printa kila usiku haina budi kujiuliza iko upande gani wa mstari huo.

Baada ya barua yangu, matamko yalianza kuja. La kwanza lilikuwa kamili. La pili lilikuwa na namba ya mgonjwa ambaye si wangu, ingawa kipande chenyewe kilikaa sawasawa kwenye modeli ya taya niliyokijaribia. Nilikirudisha bila kukitumia, nao wakachapa kingine ndani ya siku mbili bila kunidai. Natoa nyota tatu kati ya tano. Ya nne naiweka hadi nifungue vifurushi kumi mfululizo ambavyo namba iliyochongwa kwenye resini inalingana na iliyo kwenye karatasi.